Risala ya Wanafunzi wa Shahada ya Biashara kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwaaga Wenzetu wa Mwaka wa Tatu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Mkuu wa Idara ya Biashara,
Wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni kwetu. Umeacha kampuni zako siku ya kazi ukaja kukaa nasi, na jambo hilo limetupa moyo sana.

Jumuiya yetu ilianza na wanafunzi wachache waliokuwa wakifundishana mizania kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Leo ina katiba, kamati na akaunti benki. Historia ni ndefu, lakini muda wako ni mfupi.

Mafanikio ni makubwa. Madarasa yetu ya jioni ya uhasibu na takwimu yamewaokoa wengi wa mwaka wa kwanza wasipate sapu, yaani mtihani wa marudio. Mfuko wa kusaidiana umewavusha wenzetu bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa masomo, linapochelewa, na anayefiwa hasafiri peke yake. Timu yetu ya mpira ilitikisa chuo kizima kwa kufika nusu fainali. Siku ya Wajasiriamali nayo sasa inasubiriwa na kila idara: batiki, sabuni za maji, karanga, juisi ya ubuyu, vyote kwa mitaji yetu wenyewe, na kila meza ina daftari lake la mapato na matumizi.

Ndugu Mgeni Rasmi, changamoto za ukumbi, hosteli na intaneti tumeziandika kwenye nakala uliyokabidhiwa. Kwa ruhusa yako, muda uliobaki tuzungumzie moja tu: nafasi za fildi.

Kila mwisho wa mwaka wa masomo tunatakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane, na bila alama zake hakuna shahada. Chuo kinatupa barua ya utambulisho, nafasi tunajitafutia. Tunazunguka na bahasha za kaki Posta, Kariakoo, hadi viwandani Barabara ya Nyerere. Mlinzi anapokea barua getini, na wiki inayofuata ni yeye huyo huyo anayetupa majibu: nafasi zimejaa. Mwenye mjomba ndani anaingia kwa simu moja. Asiye naye anaishia duka la mtaani kwao, anauza soda wiki zote nane, na daftari la fildi analijaza kazi ambazo hajazifanya, kwa sababu msimamizi kutoka chuoni akija lazima akute kitu.

Yapo pia yanayowapata dada zetu, na kamati nzima iliafiki yasomwe hapa mbele ya wazazi. Wapo walioambiwa nafasi ipo, ila kwanza "tuonane jioni". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja hilo, yaani rushwa ya ngono, kuwa kosa. Lakini binti ambaye fildi inaanza Jumatatu na hana pengine pa kwenda, anaogopa kushtaki. Anaondoka kimya, na sisi tunaona aibu kwamba hatukuwa na mahali pa kumpeleka.

Ndiyo maana mhitimu wetu anaikokotoa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 darasani bila kukosea, ila hajawahi kuandaa ritani ya kweli, ile taarifa ya kodi inayotakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kisha tangazo la kazi linamdai uzoefu wa miaka mitatu. Serikali ilitoa mwongozo wa mafunzo kazini mwaka 2017, na tunaishukuru, lakini huo unawalenga waliokwisha kuhitimu. Sisi tulio bado darasani tunategemea huruma ya mlinzi wa getini.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama mahali hapa akaahidi nafasi ishirini kila mwaka. Tulipiga makofi, mama zetu wakapiga vigelegele. Barua yetu ya kumkumbusha iligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala tunayo. Mgeni rasmi wa mwaka jana alituelekeza kwa msaidizi wake. Msaidizi akasema hajapewa maelekezo. Tunawaombea wote wawili heri, na bado tunasubiri.

Kwa unyenyekevu, wewe tunakuomba mambo matatu, na tunaomba yawe kwenye karatasi. Utenge nafasi kumi za fildi katika kampuni zako, katika uhasibu, ununuzi na masoko. Nafasi hizo zipitie idara yetu, zigawiwe kwa ufaulu, asiitwe mwanafunzi yeyote mmoja mmoja. Na ufikishe suala hili kwa wafanyabiashara wenzako wa chemba ya mkoa. Hatuombi posho. Kama hofu ni siri za wateja, tuko tayari kusaini kiapo cha kuzitunza kabla ya kugusa faili lolote.

Barua za utambulisho zinatoka mwezi wa tano. Rasimu ya makubaliano ya ukurasa mmoja imo ndani ya bahasha uliyopewa na Katibu, pamoja na kalamu. Mkuu wa Idara yupo kushoto kwako, na yuko tayari kusaini leo.

Naomba kuwasilisha.