Kadi zangu za waifai hazijaungua, rudisheni pesa

Kwa Meneja wa Duka,
Kisumu.

Salamu bosi. Naandika kuhusu zile kompyuta za ex-UK nilinunua kwenu za saiba yangu hapa Kondele, zile mliniwekea mfumo wa Ubuntu 22.04 na kadi za waifai ndani. Zilikuwa sawa mpaka apdeti ikaingia, kerneli, ile roho ya mfumo inayoendesha vifaa, ikatoka toleo 5.15 ikaruka 6.8, kuwasha asubuhi hakuna hata moja inaona netwaki. Na ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, mnajua vile saiba hujaa watu wa kufaili ritani za KRA kabla ya tarehe 30, foleni mpaka nje na mimi nagawa hotspoti ya simu.

Nikawaletea moja. Fundi wenu hata hakuifungua, akasema kadi imeungua, akanilipisha 1,000 ya kuchunguza halafu ati ninunue kadi mpya 2,500 kila mashini. Kadi zote ziungue usiku mmoja bosi? Kwani zilipigwa na radi ya Kakamega?

Kufika saiba nikaiwasha nikifinya Esc, menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli ya kuwashia, ikatokea nikachagua ya zamani, 5.15. Waifai ikashika hapo hapo, kadi ile ile mlisema imeungua. Nikarudi kwa 6.8 nikaandika lspci -k, komandi ya kuorodhesha vifaa, kadi iko kwa orodha na jina lake, ila ule mstari wa kuonyesha draiva inayotumika, yaani programu ya kuendesha kadi, ndio haupo. Kuchungulia /lib/modules, pale draiva za kila kerneli hukaa, draiva iko kwa folda ya 5.15 peke yake. Kumbe mlikompaili draiva, yaani mliitengeneza kutoka kodi yake, kwa mkono mkaiacha hapo bila DKMS, programu ya kukompaili draiva upya, na draiva ya hivyo ni ya kerneli ile ilitengenezewa tu, ikija ingine lazima ikompailiwe upya. DKMS ingefanya hiyo kazi yenyewe kila kerneli mpya ikiingia, bora linux-headers za hiyo kerneli, faili zinazohitajika kukompaili, ziwepo. Kijana wenu angeandika hiyo lspci -k tu angejua, lakini kuuza kadi ni rahisi kuliko kuangalia.

Na msiniambie nikae na hiyo 5.15 ya zamani bila apdeti, marekebisho ya usalama yanakuja na kerneli mpya na hapa watu wananiingizia paswadi zao za KRA na HELB. Ubuntu nilichagua juu nimechoka na virusi vya flashi za wateja, siwezi rudi nyuma tena.

Kwa hivyo rudisheni ile 1,000 kwa M-Pesa, namba ni ile iko kwa risiti. Halafu mtume fundi mwingine, si yule, aweke draiva na DKMS kwa mashini zote, aziristati kwa 6.8 nikiona, na hiyo kazi silipii. Kadi mpya sinunui. Mkinyamaza mpaka Ijumaa nitakuja dukani na hiyo mashini, niiwashe hapo kaunta mbele ya wateja wenu.

Ni mimi mteja wenu,
Mwenye saiba, Kondele.