Barua kwa shoga yangu: Gültan Kışanak na hiyo kata yako

Shoga yangu,

Za siku, watoto hawajambo? Huku Cologne, Ujerumani, baridi imeshaanza ila tunaendelea vizuri tu. Nimeisikiliza voisi noti yako yote, hiyo ya wazee wa chama kukwambia utulie na viti maalum, kata uwaachie wanaume kwa sababu kampeni ni ngumu, nikaona hili siwezi kulijibu kwa voisi, bora nikuandikie usome kwa nafasi yako.

Hapa kazini nipo na dada mmoja Mkurdi, kwao ni Diyarbakır, kusini mashariki mwa Uturuki, wenyewe Wakurdi mji huo wanauita Amed. Huyo dada ndo kanisimulia habari za Gültan Kışanak na toka hapo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu huyu mama.

Gültan kazaliwa 1961. Jeshi lilipopindua serikali 1980 alikuwa binti wa miaka 19, wakaja kumfunga kwenye gereza la Diyarbakır, lile ambalo watu waliteswa wengine mpaka wakafia humo. Mwenyewe amesimulia kwamba walimweka kwenye kibanda cha mbwa wa ofisa wa gereza, kisa alikataa kutamka kuwa yeye ni Mturuki, maana yeye ni Mkurdi. Binti wa umri huo! Alipotoka akawa mwandishi wa habari, 2007 akaingia bungeni, na 2014 akashinda umeya wa Diyarbakır, mwanamke wa kwanza kuushika. Mwaka huo Uturuki ilikuwa na manispaa za majiji makubwa 30, wanawake walioshinda umeya ni 3 tu, yeye mmojawapo.

Sasa ninachotaka ukijue hasa ni huo mfumo wao wa uongozi wa wawili. Chama cha kina Gültan tangu 2005 hivi kiliamua kila ngazi iongozwe na mwanamke na mwanaume kwa pamoja, mamlaka sawa, na kwenye orodha za wagombea wanawake wasipungue asilimia 40. Kwenye manispaa kukawa na shida, sheria ya Uturuki inamtambua meya mmoja tu, wa pili hayupo kwenye makaratasi ya serikali. Diyarbakır walifanyaje? Jina la kwenye karatasi ya kura likawa la Gültan, mwanaume, Fırat Anlı, ndo akawa mwenza. Yaani saini inayopitisha hela ni ya mwanamke, hakuna cha kumwita mama aje kupamba kikao. Na mambo yakabadilika kweli, manispaa zao ziliingiza kwenye mkataba na wafanyakazi kwamba mwanaume akimpiga mke wake, mshahara analipwa mke. Niambie shoga, kipengele kama hicho kingepitaje kwenye kikao ambacho wanawake hawana sauti?

Ila hayo yaliwagharimu. Oktoba 2016 Gültan alikuwa Ankara, kaenda kutoa maelezo kwenye kamati ya bunge iliyochunguza jaribio la mapinduzi la Julai mwaka ule, anashuka uwanja wa ndege wa Diyarbakır wakamkamata, na Anlı naye wakamkamata. Serikali ikadai wana uhusiano na PKK, kundi la Wakurdi lililopigana na serikali kwa silaha, yeye akakana, 2019 wakamhukumu miaka 14 na miezi 3. Kwenye kiti chake wakaweka mtu wa kuteuliwa, na kwenye manispaa zilizochukuliwa hivyo vituo vingi vya kusaidia wanawake vikafungwa. Hapo ndo roho iliniuma zaidi, maana kituo cha mama aliyepigwa na mumewe kinahusiana nini na ugaidi? Gültan katoka Mei 2024, zaidi ya miaka 7 ndani, na humo humo gerezani alikusanya maandiko ya wanasiasa wanawake wenzake waliofungwa, kitabu kikatoka.

Na watu wa Diyarbakır hawakuogopa, Machi 2024 wakapiga kura wakamchagua tena mwanamke, Serra Bucak, mwenza wake Doğan Hatun.

Kwa hiyo shoga, kiti ulichonacho siwezi kukidharau, umekifanyia kazi na akina mama wanakujua. Ila kamati ya maendeleo ya kata mwenyekiti wake ni diwani aliyepigiwa kura na kata, wewe pale ni mjumbe, unaongea wanakusikiliza kwa adabu halafu wanaamua wao. Ile zahanati uliyoipigania miaka yote hiyo ungekuwa unaongoza wewe kikao ingekuwa imeshaisha, na mimi hilo sina shaka nalo. Wakikwambia kampeni ni ngumu waulize ngumu kwa nani, wewe unayezijua nyumba zote mpaka kule bondeni?

Fomu zikitoka chukua. Hela ya fomu na vipeperushi niachie mimi, nitumie tu namba unayotumia siku hizi maana ile ya zamani inagoma, na mwambie dada yako aanze kuandika majina ya watu wa kusimamia vituo vya kura mapema.

Wako,
Shoga yako wa Cologne