Barua kwa Mwanangu Zuhura Kabla ya Safari ya Mbeya

Mwanangu Zuhura,

Nakuandikia ingawa uko chumba cha pili, maana nikisema kwa mdomo utaniitikia "sawa baba" kabla sijamaliza. Mama yako anahofia baridi ya Mbeya na chakula cha kantini ya chuo. Mimi nahofia hiyo simu, hasa usiku.

Juzi saa nane za usiku mwanga ulikuwa bado unaonekana chini ya mlango wako. Hapa nakugongea. Hosteli nani atakugongea? Na wewe ndiye uliyepata A ya fizikia, shule nzima ikanipa mkono.

Kutazama video sikukatazi. Hesabu za uhandisi zikikubana, anza na Khan Academy, masomo ya bure ya video mtandaoni. Salman Khan alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake aliyekuwa mji mwingine, na mpaka leo anafundisha polepole, hatua kwa hatua. Ukishaweza kukokotoa, nenda 3Blue1Brown, chaneli ya hisabati ya Grant Sanderson kule YouTube. Pale utaona kwa macho matriksi, yaani jedwali la namba, inavyovuta na kuzungusha mistari, jambo ambalo chaki na ubao haviwezi kuonyesha.

Lakini shika kalamu, Zuhura. Derek Muller, mwanzilishi wa Veritasium, chaneli ya sayansi ya YouTube, alifanya utafiti wa uzamivu kuhusu kujifunza fizikia kwa video katika Chuo Kikuu cha Sydney. Wanafunzi waliotazama maelezo safi ya fizikia walisema yanaeleweka vizuri, ila walipopimwa, mawazo yao potofu ya awali yalikuwa palepale. Waliojifunza zaidi ni wale ambao video iliwaonyesha kwanza mawazo hayo potofu, wakasumbuka nayo. Kwa hiyo simamisha video, bashiri jibu, liandike, ndipo uendelee. Ukiwa umelala chali gizani huwezi kufanya hivyo.

Ukitaka kupumzisha akili, tazama chaneli ya Primitive Technology. John Plant wa Queensland, Australia, hasemi neno hata moja. Anafinyanga vigae, anajenga tanuri, anayeyusha chuma kutokana na tope lenye kutu la kijito. Washa maandishi ya chini, maelezo yako humo. Ukipata rafiki Mfipa, muulize kuhusu matanuri marefu ambamo wazee wao walikuwa wakiyeyushia chuma. Hayo hata mimi natamani kuyaona.

Ile video inayofuata kujianza yenyewe, izime kabisa kwenye mipangilio. Ukipata intaneti ya chuo pakua mchana, bando litakaa. Saa nne usiku simu ichajiwe mbali na kitanda. Najua nakukera kwa kurudia, lakini kipindi cha saa moja asubuhi hakimsubiri aliyekesha.

Mdogo wako naye ameanza. Kila jioni anataka katuni ya Akili and Me ya Ubongo, na herufi anazijua kweli kuliko nilivyotegemea, ila mama yako amesema mwisho vipindi viwili. Usimwachie simu yako siku hizi zilizobaki.

Blanketi zito liko juu ya kabati, lianike kabla hujalifunga. Mbuzi mweusi nimemuuza, hela ya hosteli anayo mama. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa nipigie mimi kwanza, usikope kwa wenzako. Vyeti vyako halisi viweke kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti la basi.

Baba yako