Barua ya Wazi kwa Katibu Mtendaji wa SADC: Mkungu wa Ndizi Hausubiri Kikao

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Nakusalimu kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ni haki yangu. Agosti 2019, wakuu wa nchi walipokutana Dar es Salaam, walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya yetu ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC. Siku ile tulifurahi sana huku. Tulisema sasa na sisi tutasikika Gaborone, yaliko makao makuu yenu.

Nafanya biashara ya ndizi. Nanunua kwa wakulima, mkungu mmoja mmoja, tunakusanya kando ya barabara, tunajaza fuso, tunateremka Kyela mpaka Kasumulu, tunavuka Mto Songwe kwenda Karonga, Malawi. Ukivuka daraja lile huoni kama umefika ugenini. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa upande ule tunasikilizana lugha, tunaoana, tunazikana. Bibi zetu walivuka na mchele na samaki kabla hajakuwapo mtu wa kuwauliza karatasi.

Ndizi si saruji, Mheshimiwa. Ikishakatwa na kufunikwa turubai kwenye joto la Kyela, kila saa inakula mtaji. Siku ya tatu zinaanza kubadilika rangi. Siku ya tano unauza kwa bei yoyote anayotaka mnunuzi. Baada ya hapo unatafuta mwenye nguruwe. Niliwahi kulaza mzigo mpakani siku nne kwa sababu ya karatasi ambayo wiki iliyotangulia haikutakiwa. Sitataja ni mpaka gani wala nani alikuwa zamu, maana aliyekuwa zamu alikuwa anafuata agizo, naye alilipata asubuhi ileile. Fedha zilikuwa za mkopo wa kikundi. Wenzangu, wanawake wanaouza vitunguu na maharage, walichangishana kuziba pengo langu, na mmoja wao alichelewa kulipa ada ya mtoto. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo kuliko zile ndizi.

Sasa nikukumbushe mwaka 2025. Machi, Malawi ilizuia kuingiza unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, ikisema inawalinda wazalishaji wake. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezifungia mlango ndizi zetu tangu zamani. Aprili, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka nchi zote mbili. Zilipita siku chache, watu wakazungumza, katazo letu likaondolewa. Kwenye magazeti mambo yakaonekana yamekwisha. Ila aliyekuwa na mzigo barabarani wiki ile hakurudishiwa chochote, awe Mtanzania, Mmalawi, au yule mama wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayepanga tufaha za Afrika Kusini mezani kwake.

Angalia nchi hizo tatu ni zipi. Malawi, Tanzania na Afrika Kusini ndizo zilizopeleka askari pamoja mashariki mwa Kongo, kwa bendera ya Jumuiya hii hii. Wakuu wa nchi waliamua kuisitisha operesheni ile ya kijeshi Machi 13, 2025. Mwezi uliofuata, nchi hizohizo zilikuwa zinafungiana mazao. Nimelifikiria sana jambo hili. Kama tunaaminiana kiasi cha vijana wetu kulala handaki moja, tunashindwaje kupeana taarifa ya mwezi mmoja kabla ya kufunga soko?

Siwalaumu Wamalawi. Mama ninayemuuzia Karonga hulipa kwa kwacha, na nimeiona kwacha ikipoteza nguvu mikononi mwake. Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44. Mwaka 2024 ukafuata ukame mkali, Jumuiya ikaomba dunia msaada wa dola bilioni 5.5. Nchi haina bahari, dola zake nyingi zinatoka kwenye tumbaku, na mafuta na mbolea vyote vinanunuliwa kwa dola. Serikali iliyobanwa hivyo itafunga mlango wowote ulio karibu. Naelewa. Na ugonjwa wa mimea ukiingia, mpaka ufungwe siku hiyohiyo, kama Malawi ilivyozuia mahindi yasiyosagwa kutoka kwetu na Kenya Desemba 2023. Hapo sina neno. Ninacholalamikia ni katazo la kibiashara linalokuja kama ajali.

Najua huna amri juu ya wakuu wa nchi 16. Kazi yako ni kuandaa mambo ya kuzungumzwa, na wao huamua. Basi naomba nafasi kwenye ajenda ya mkutano wa Agosti. Nchi ikitaka kuzuia bidhaa kwa sababu za kibiashara, itangaze siku 30 kabla, na mzigo uliokwisha kuondoka shambani upite. Hayo tu yangetosha kuniokoa.

La pili ni karatasi. Mwenzangu anayevuka Namanga kwenda Kenya, kwa kuwa kule kunafuatwa utaratibu wa Afrika Mashariki, akiwa na mzigo usiozidi dola 2,000 hupata palepale mpakani cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Malawi na Zambia nazo zina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo ndani ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambako Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo sisi wa Kasumulu, na wenzetu wa Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, kwa miaka mingi tulijikuta katikati, tukidaiwa makaratasi yaleyale anayodaiwa mwenye malori ishirini na wakala wake wa forodha. Kisha watu wanashangaa kwa nini njia za panya hazifi. Mwanamke anayepita mtoni usiku na ndoo ya mchele kichwani hapendi maji, amepiga hesabu tu.

La tatu ni zito, na huenda halitakupendeza. Jumuiya ilikuwa na mahakama yake Windhoek, ambako hata mtu binafsi aliweza kuishtaki serikali. Mwaka 2008 ilitoa hukumu dhidi ya Zimbabwe katika kesi ya wakulima walionyang'anywa ardhi. Mwaka 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha, na itifaki ya mwaka 2014 ikapanga ibaki na kesi za nchi kwa nchi peke yake. Sizungumzii nani alikuwa na haki katika ardhi ile. Nasema kwamba mlipomfungia mlango mkulima mkubwa wa Zimbabwe, mlinifungia na mimi. Nchi gani itasimama mahakamani kwa ajili ya fuso moja la ndizi? Mtanzania mwenye shauri linalohusu Afrika Mashariki anaweza kwenda Arusha akasikilizwa. Mtanzania huyohuyo akidhulumiwa kwenye mpaka wa kusini hana mahakama ya Jumuiya ya kwenda.

Baba yangu alikuwa kijana wakati reli ya TAZARA inapita Mbeya, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ili Zambia ipate njia ya shaba yake bila kuwapigia magoti walowezi wa kusini. Wazee wale hawakuwa na fedha kutuzidi. Mwaka 1980 walikutana Lusaka wakaanzisha umoja uliokuja kuwa Jumuiya hii ili wasitegemee uchumi wa makaburu. Baba husimulia habari za reli ile kama anayesimulia harusi yake.

Ijumaa tunakata tena. Fuso litaondoka Tukuyu usiku, na likijaliwa litakuwa Kasumulu kabla jua halijawa kali. Ukipata safari ya huku, njoo siku ya kawaida, bila msafara. Nitakuonyesha daraja, na upande wa pili nitakutambulisha kwa mama wa Karonga. Yeye naye ana yake ya kukwambia.

Wako,
Mfanyabiashara wa ndizi,
Tukuyu, Rungwe