Mhariri, fomu 34A iingie darasani kabla ya 2027

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni wiki mbili sasa, linahusu hesabu za watoto wetu wa Kenya na linahusu uchaguzi, yaani fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za rais inayojazwa kila kituo, itumike kufundishia hesabu, na najua hayo mawili hatujazoea kuyapakua sahani moja.

Ilianza nyumbani. Binti yangu yuko Gredi ya 8, jioni hiyo alikuwa na homuwaki ya asilimia, zile za duka limepunguza bei ya sketi kwa asilimia 15, anaandika huku anapiga miayo. Mjomba wake alikuwa amekuja kutuona, na maongezi ya watu wazima yakaingia siasa kama kawaida, akasema mwaka 2022 pale Bomas, ule ukumbi wa Nairobi kura za rais zilikojumlishiwa, asilimia za wagombea wote zilifika 100.01 na hiyo 0.01 peke yake ni kura 142,000. Hakuyatoa kichwani mwake, hayo yalisemwa mbele ya kamera na makamishna wanne wa tume ya uchaguzi yenyewe siku moja baada ya mshindi kutangazwa, nchi nzima ikasikia, na mpaka leo watu wanayarudia kwa matatu na kwa mitandao. Binti akainua kichwa akasema, "Samahani mjomba, 0.01 ya asilimia si ni moja kwa elfu kumi? Kura zilikuwa ngapi zote?"

Tukamtafutia za wagombea wote wanne wa urais. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Akajumlisha kwa penseli, hakutaka simu, akapata 14,213,027. Akagawanya kwa elfu kumi akapata 1,421. Si laki moja na arobaini na mbili elfu, ni elfu moja mia nne na kitu, hiyo 142,000 ni asilimia moja nzima, mtu alikosea nukta mara mia. Mjomba alinyamaza kidogo halafu akasema leta hiyo kalkuleta nami nione.

Lakini mtoto hakuishia hapo, na hii ndio sehemu ilinifanya nichukue kalamu. Akauliza, sasa hata hizo 1,421 zilitoka wapi? Akapiga asilimia za kila mmoja bila kukata desimali. Ruto ni 50.4899, ikaandikwa 50.49. Raila 48.8491, ikaandikwa 48.85. Wajackoyah 0.4360, ikaandikwa 0.44. Mwaure 0.2251, ikaandikwa 0.23. Ukiangalia vizuri zote nne zilisukumwa juu, hakuna hata moja iliyoshushwa, ndio maana ukijumlisha zile zilizokatwa unapata 100.01. Hakuna kura hata moja iliyozaliwa hapo, ni ile raundi ofu watoto wanafundishwa shule ya msingi. Aliandika zote kwa desimali tatu, 50.490 na 48.849 na 0.436 na 0.225, ikaja 100 kamili bila mabaki, akapiga kelele kama amefunga goli.

Naomba nieleweke, siandiki kumtetea aliyeshinda wala kumcheka aliyeshindwa, kesi ilienda Mahakama ya Juu na mnamo Septemba 5, 2022 majaji wakatoa uamuzi wao, hayo yamepita. Ninachosema ni kwamba nchi ilikaa siku kadhaa roho juu, na moja ya mambo tuliyobishania lingemalizwa na mtoto wa miaka 13 mwenye penseli. Na huyo mtoto tunaye, amekaa darasani anapunguza bei ya sketi.

Nina sababu nyingine ya kusema haya. Mwaka huo wa 2022 mimi nilikuwa karani wa uchaguzi kituo kimoja huku Kilifi. Watu wengi hawajui usiku ule unavyokuwa. Masanduku ni sita lakini ya rais yanahesabiwa kwanza, msimamizi wa kituo anatoa karatasi moja moja, anaiinua kila wakala aione, anataja jina, na sisi na mawakala tunapiga vijiti, vinne vimesimama na cha tano kinalala juu yake. Mwisho unajaza fomu 34A: waliosajiliwa, kura zilizokataliwa, kila mgombea na zake, halafu jumla ya kura halali. Kituo chetu kilikuwa na waliosajiliwa 512. Wagombea, niwaite A, B, C na D, walipata 187, 146, 4 na 1. Mwenzetu akajumlisha akaandika kwa karatasi ya kando 328. Wakala mmoja alikuwa amehesabu vijiti vyake na ana 338, akasimama akaanza kupaza sauti kura kumi zimeliwa, nje vijana wakasikia wakasogea mlangoni, askari naye akasogea, ilikuwa imepita saa tano usiku, taa inafifia na sisi tumechoka tangu alfajiri. Mama mmoja, wakala wa chama kingine kabisa, akachukua ile karatasi akasema ngojeni jamani, saba na sita na nne na moja ni kumi na nane, umeandika nane, ile kumi umeiacha wapi? Haikubebwa. Ni hivyo tu. Tukasahihisha kabla ya kujaza fomu, wote wakatia sahihi, tukalala salama. Nikikumbuka mlango ule na vile vijana walivyokuwa wamekunja nyuso, nashukuru yule mama alifundishwa kubeba kumi na mtu aliyemfundisha vizuri.

Sasa fikiria fomu kama ile ziko zaidi ya elfu 46, kituo kimoja kisizidi wapigakura 700, na mwaka 2022 tume iliziweka zote kwa tovuti yake, picha kabisa na sahihi zake, mtu yeyote mwenye bando aliweza kufungua. Hiyo ni hazina ya vitabu vya hesabu ambayo hakuna shule inaweza kununua! Kujumlisha, asilimia, wastani, makadirio, chati, kila kitu kiko pale na ni namba za kweli za watu wa kweli, pengine mama yake mtoto ni mmoja kwa ile 146. Mpe darasa waliosajiliwa nchi nzima, 22,120,458, na vituo 46,229, waulize wastani wa kituo ni watu wangapi. Ni kama 478. Halafu waulize mbona cha kwetu kilikuwa na 512, kile cha kule porini kina 90, je wastani umetudanganya? Hapo mwalimu akae tu awasikilize.

Kuna mwalimu mmoja kijana hapa kwetu, shule sitaitaja, amejaribu kitu kidogo. Darasa la watoto 41 lilikuwa linachagua kiongozi, wagombea watatu, kura zikaja 16, 13 na 12. Wakashangilia yule wa 16 ameshinda. Mwalimu akauliza ni asilimia ngapi, wakapiga, 39. Kwa hivyo wangapi hawakumtaka? Kimya. Akawaambia kwa sheria zetu huyu angekuwa gavana au mbunge ameshaapishwa, mwenye nyingi anachukua, lakini rais lazima apite nusu ya kura, akikosa wawili wa juu wanarudiana ndani ya siku 30. Wakarudia, yule wa 13 akashinda kwa 22 dhidi ya 19. Darasa lile lile, watoto wale wale, siku ile ile, washindi wawili tofauti kwa kubadilisha kanuni tu. Naambiwa walibishana mpaka kengele ikalia na bado wakaenda wakibishana njiani, na mimi sijawahi kusikia mtoto anabishana njiani juu ya sketi.

Akaongeza na ile ya kaunti, kwamba rais anatakiwa pia apate angalau robo ya kura kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Nusu ya 47 ni 23 na nusu, hakuna nusu kaunti, basi ni 24. Mtoto mmoja alisema 23 inatosha kwa sababu nusu unaitupa. Si unaona, hapo ndio anajifunza kwamba kuna wakati unapanda juu hata kama kanuni ya desimali haikuambii, manake swali limesema zaidi ya nusu.

Na kwa wakubwa wa Gredi ya 9 kuna ile hesabu ya uchaguzi wa rais wa 2013 ambayo mimi naona ni somo la mwezi mzima. Uhuru Kenyatta alipata 6,173,433, ikatangazwa ni asilimia 50.07, watu wakasema ameponea chupuchupu, na kweli ukipiga amepita nusu kwa kura kama 8,400 tu nchi nzima. Lakini hiyo asilimia ilipatikana kwa kugawanya kwa 12,330,028, na ndani yake kuna kura 108,975 zilizokataliwa. Mahakama ya Juu ikasema zile zilizokataliwa zisiingie kwa hesabu. Ukizitoa unagawanya kwa 12,221,053 na Uhuru yule yule, kura zile zile, anakuwa na 50.51. Hakuongezewa hata moja. Kilichobadilika ni namba ya chini, ile tunayogawanya nayo. Mtoto akishashika swali hili moja, asilimia ya nini, hata akikua akaenda benki kuchukua mkopo hawatamchezea, hata akisikia tangazo la dawa atauliza.

Najua wazazi wenzangu watasema usituletee siasa darasani, sisi tumeumia 2007, watoto waachwe. Nawaelewa, nami nilikuwa na ndugu Nakuru wakati ule. Lakini majina yanaweza kufichwa, waite A na B, au tumia kaunti ya mbali, au chukua uchaguzi wa zamani ambao umepoa. Mwalimu haulizi mtoto kwao wanapigia nani, na akiuliza achukuliwe hatua. Siasa tayari iko kwa watoto wetu, wanaisikia mezani na kwa simu, kitu hawana ni namna ya kuipima.

Juzi juzi 2025 tulibishana nchi nzima kama hesabu iwe lazima au hiari kwa sekondari ya juu. Serikali ikasikia ikasema ibaki kuwa lazima. Sawa, imebaki, sasa tuwape watoto sababu ya kuipenda.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Ombi langu kwa KICD, ile taasisi inayotunga mitaala ya shule, na kwa tume ya uchaguzi ni dogo, wachague fomu 34A kama mia hivi kutoka kila pembe ya nchi, wafiche majina, wapeleke kwa shule za jinia, zile za Gredi ya 7 hadi 9, zenye umeme na zisizo na umeme, kwa karatasi. Hakuna haja ya tableti wala semina ya hotelini. Kwa upande wangu nimechapisha kumi kwa saiba ya hapa Kaloleni, shilingi kumi kumi, nikampa yule mwalimu kijana Jumatatu. Tatu kati yake hazijumlishiki vizuri mpaka uangalie sana ile saba imeandikwa kama moja, na binti yangu ameniomba nisimwambie ni zipi.

Mama mzazi na karani wa zamani wa uchaguzi,
Kaloleni, Kilifi