Aliyemaliza deni asiachwe na doa CRB

Mhariri,

Dada yangu, muuza mitumba, alikopa shilingi 3,500 kwa simu, akachelewa, kisha akalipa zote pamoja na riba. Ujumbe wa malipo bado anao. Majuzi aliomba mkopo wa kuongeza marobota, akakataliwa: ripoti ya CRB, yaani kampuni za kutunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ingali inasema anadaiwa. Inauma sana, maana msimu haumngoji mtu.

Kila Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kampuni hizo: Metropol, TransUnion au Creditinfo. Aidha, tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halifai kumchafulia mtu jina. Ukikuta kosa, lalamika kwa maandishi kwa CRB na kwa aliyekukopesha, ukiambatisha stakabadhi. Usimpe hela yeyote anayejidai atakufutia jina.

Deni lililolipwa kwa kuchelewa hubaki kwenye kumbukumbu miaka mitano. Hilo nalikubali. Lakini liandikwe kwamba limelipwa! Benki Kuu iwabane wakopeshaji ambao ni wepesi kuripoti deni na wazito kuripoti malipo.

Msomaji,
Nairobi