Wanaojitolea kuzima moto Kilimanjaro wapewe vifaa na bima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wananchi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, ambao kila moto unapozuka huko juu huacha mashamba na biashara zao wakapanda kuuzima bila mshahara wala posho ya uhakika.

Wasomaji wengi watakumbuka moto wa Oktoba 11, 2020, ulioanzia Whona, mahali wanapopumzika wageni wanaopita njia ya Marangu kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Uliteketeza takriban kilometa za mraba 95 za uoto, na waliopambana nao walikuwa watu wapatao 500, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji waliojitolea. Mwaka ule ugonjwa wa korona ulikuwa umefukuza watalii, na wagumu, yaani vijana wanaobeba mizigo ya wageni mlimani, walikuwa wamekaa miezi bila kazi. Walikuwa na kila sababu ya kubaki nyumbani. Hata hivyo, wengi walipanda, kwa kuwa wao ndio wanaozijua njia, vijito na makorongo ya mlima kuliko mtu yeyote.

Ambaye hajawahi kuuona moto wa mlimani anaweza kudhani kwamba gari la zimamoto litapigiwa simu nalo litafika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hujitahidi, lakini penye moto, mita 3,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, gari lenye tangi la maji halifiki, na askari naye hana budi kupanda kwa miguu kama wengine. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa panga, jembe na matawi mabichi: kundi moja linafyeka na kukwangua ardhi mbele ya moto ili ukose cha kula, jingine linaupiga pembeni huku upepo ukiwageuzia moshi usoni. Usiku baridi ni kali, na aliyelowa jasho mchana hulala na nguo zile zile.

Kinachowachosha zaidi ni kile kinachofuata baada ya miali kuisha. Udongo wa huko juu umejaa mizizi na majani yaliyooza kwa miaka mingi, na moto huingia chini ukatambaa humo bila kuonekana, kisha ukaibuka sehemu iliyodhaniwa kuwa salama. Inabidi watu warudi kwenye majivu, wapapase kwa mkono kutafuta penye joto, wachimbe na kufukia. Nimewaona vijana wakishuka kutoka kwenye kazi hiyo na mabuti ya mpira yaliyolainika soli, macho mekundu, wengine wakiwa wamejifunga kanga za mama zao puani kwa kukosa barakoa. Kina mama nao walikuwa wamewapelekea chakula hadi ukingo wa msitu, na hao pia hawamo katika orodha yoyote.

Mheshimiwa Mhariri, hoja yangu ni kwamba moyo huu tunautegemea kuliko tunavyoulipia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humhudumia aliyeumia akiwa na mwajiri, ilhali kijana aliyejitolea akiungua au kuvunjika mguu korongoni hana mwajiri wa kumjazia fomu. Matibabu yanaiangukia familia yake, mara nyingi kwa kuuza mbuzi au kuchangisha majirani. Hilo silioni kuwa haki hata kidogo, hasa ukizingatia kwamba msitu anaouokoa ndio unaolisha mifereji yetu ya mashamba na Mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Anayewasha taa Tanga naye ana deni kwa kijana huyu.

Oktoba 2022 moto ulizuka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga, na ninaamini hautakuwa wa mwisho. Naiomba mamlaka ya hifadhi, kwa kushirikiana na halmashauri zinazouzunguka mlima, itenge sehemu ya mapato ya utalii kwa mambo matatu: bima ya ajali kwa kila aliyeandikishwa kijijini kuwa mzimaji wa kujitolea, mabuti ya ngozi, glovu, barakoa na taa za kichwani, vitunzwe katika ofisi ya kijiji badala ya bohari la mbali, na mafunzo ya siku chache kila mwaka yatakayotolewa na Zimamoto. Orodha hizo ziandaliwe mara tu masika yanapokwisha, ili kufikia Agosti, nyasi zinapokauka, kila kijiji kiwe na watu wake na vifaa vyake.

Mkazi wa Marangu,
Wilaya ya Moshi, Kilimanjaro